Steki Nene Juu ya Makaa

Steki nene ni kipande cha nyama ya mgongo wa ng'ombe kilichokatwa kwa kukingama, chenye unene wa sentimita 4 au zaidi, na mara nyingi chenye uzito wa nusu kilo na kuendelea. Si kitoweo cha kila wiki. Ng'ombe mmoja hutoa nyama kidogo inayofaa, bei yake huipita kwa mbali bei ya nyama ya mchanganyiko, na upishi wake hautaki pupa. Kwa hiyo katika nyumba nyingi hungojea siku yenye sababu: mgeni wa heshima, mtoto aliyefaulu mtihani, ndoa iliyotimiza miaka. Ikichomwa vizuri hupata ganda la kahawia iliyokoza kwa nje, na ndani hubaki laini, yenye majimaji, na rangi ya waridi iliyoenea sawasawa. Ikichomwa vibaya huwa kipande cha bei kubwa ambacho meno hayakiwezi.

Unene wenyewe ndio msingi wa jambo lote. Moto una kazi mbili za kufanya kwa wakati mmoja, na kila kazi ina joto lake. Kwa nje panatakiwa ganda, na ganda hilo hutokana na mabadiliko yaliyoelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912: asidi amino zilizomo kwenye nyama hukutana na sukari, na kwenye joto kali huzaa rangi ya kahawia pamoja na mamia ya harufu na ladha ambazo nyama ya kuchemsha haina. Mabadiliko hayo hushika kasi uso wa nyama unapopita nyuzijoto 140 za Selsiasi. Kwa ndani mambo ni kinyume, kwani steki laini haihitaji kufika mbali zaidi ya nyuzijoto 55 hivi. Kipande chembamba, tuseme cha sentimita moja na nusu, hakiwezi kutimiza yote mawili. Kabla uso wake haujakauka na kugeuka rangi, joto limeshafika katikati na kuikausha nyama. Tena muda wa joto kupenya hukua upesi kuliko unene: unene ukizidishwa mara mbili, muda wa joto kufika katikati huwa karibu mara nne. Anayelipia steki nene analipia muda huo, ambamo ganda hujengeka kabla ndani hapajaharibika.

Watu wa Toscana nchini Italia wanalijua hilo kwa dhati. Steki yao mashuhuri, bistecca alla fiorentina, hukatwa pamoja na mfupa wake wenye umbo la herufi T, kwa unene wa vidole vitatu au zaidi, na kwa desturi hutoka kwa ng'ombe weupe wakubwa wa aina ya Chianina. Ugonjwa wa ng'ombe wazimu ulipoitikisa Ulaya, nyama iliyoshikana na uti wa mgongo ilipigwa marufuku mwaka 2001, na steki hiyo ikatoweka mezani mpaka marufuku ilipoondolewa mwaka 2006. Mkato usio na mfupa uliendelea kuuzwa miaka yote hiyo, lakini kwa wenyewe haukuwa kitu kile kile.

Nyama choma ya Afrika Mashariki inafuata njia nyingine, na ina sababu nzuri ya kufanya hivyo. Mguu wa mbuzi au mbavu za ng'ombe huwekwa juu ya moto wa wastani kwa muda mrefu, huiva mpaka ndani, kisha hukatwakatwa vipande vidogo juu ya ubao na kuliwa kwa chumvi na kachumbari. Njia hiyo imetokana na nyama yenyewe. Mnyama ametembea sana kutafuta malisho na maji, amechinjwa akiwa mtu mzima, na nyama yake imefika motoni siku ile ile. Vipande vidogo na moto wa subira ndivyo vinavyoifanya iliwe kwa raha. Ukaidi ni kuchukua sarara nene ya bei kubwa na kuichoma kama mguu wa mbuzi, au kuchukua paja la ng'ombe mzee na kutaka liliwe likiwa na rangi ya waridi. Kila nyama ina moto wake.

Kwa hiyo steki huanzia buchani. Misuli ya mgongo hufanya kazi kidogo, ndiyo maana ni laini. Misuli ya miguu, mabega na shingo hubeba mnyama mchana kutwa, imejaa kolajeni, yaani protini ngumu inayoishikanisha, na mahali pake ni kwenye mchuzi. Mgongoni hutoka mikato mitatu yenye maana kwa mchomaji. Fileti, iliyo chini ya uti wa mgongo, ni laini kuliko zote, lakini haina mafuta na ladha yake ni ya upole. Fileti zote mbili za ng'ombe wa kienyeji kwa kawaida hazifiki kilo tano. Sarara, iliyo juu ya uti nyuma ya mbavu, ina ladha zaidi na ukingo wa mafuta upande mmoja. Steki ya mbavu, inayokatwa kati ya ubavu wa sita na wa kumi na mbili, ina mafuta yaliyopenya katikati ya nyama kwa michirizi myembamba. Kwa makaa, hiyo ya mwisho ndiyo bora. Mafuta yake huyeyuka polepole, huilainisha nyama kwa ndani, na humsamehe mpishi aliyechelewa dakika mbili.

Mnunuzi hana budi kutaja mkato anaoutaka kwa jina na kwa mahali ulipo. Katika mabucha mengi ya Dar es Salaam, anayeomba steki bila maelezo hupimiwa nyama yoyote isiyo na mfupa, iwe ya paja au ya bega. Ataje mgongo, aonyeshe unene kwa vidole, na aombe kipande kizima kisichochanjwa. Nyama nzuri ni nyekundu, uso wake ni mkavu kiasi, mafuta yake ni meupe au ya rangi ya krimu, na haina harufu ya uchachu.

Jambo la pili, na hapa ndipo penye siri kubwa kwa ukanda huu, ni aina ya ng'ombe na umri wa nyama tangu kuchinjwa. Mnyama akishakufa, misuli hukakamaa ndani ya saa chache. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama, vinavyoitwa kalpaini, huanza kukatakata nyuzinyuzi za misuli kidogo kidogo, na nyama hulainika siku hadi siku. Ng'ombe wenye nundu, yaani zebu, ambao ndio wengi kuanzia Mwanza hadi Marsabit, wana kiasi kikubwa zaidi cha kalpastatini, kitu kinachozuia kazi ya vimeng'enya hivyo. Nyama yao basi hulainika kwa uvivu kuliko ya ng'ombe wa Ulaya, na inahitaji kusubiriwa zaidi. Kwa bahati mbaya ndiyo isiyosubiriwa kabisa: nyama iliyochinjwa usiku kwenye machinjio ya Vingunguti au Dagoretti hufika buchani alfajiri na huwa imeshaliwa kabla ya usiku mwingine kuingia. Wengi huamini kuwa nyama mbichi ya leo leo ndiyo bora. Kwa supu hakuna ubaya. Kwa steki imani hiyo ni hasara tupu.

Hii haina maana kwamba ng'ombe wa hapa hafai. Boran, aliyetokana na ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya na kuendelezwa na wafugaji wa ranchi nchini Kenya, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1951, anasifika kwa nyama nzuri na uwezo wa kunenepa kwa malisho ya nyika. Huko Shinyanga na Mwanza ng'ombe wa kienyeji hunenepeshwa kwa muda wa miezi mitatu hivi kwa mashudu ya pamba, pumba na molasi kabla ya kuchinjwa, na tofauti huonekana kwa macho kwenye mafuta. Umri nao una uzito wake: kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo kolajeni yake inavyofungamana na kuwa ngumu kuyeyuka, kwa hiyo ng'ombe wa chini ya miaka mitatu humfaa mchomaji kuliko maksai aliyekwisha kulima misimu kadhaa.

Nyama ya kusubirishwa huhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzijoto 0 na 4. Baadhi ya mabucha makubwa ya mijini huining'iniza ikiwa kavu kwenye chumba maalumu, ambako hupoteza maji, ladha yake hukolea, na tabaka la nje lililokauka hukatwa na kutupwa. Ndiyo maana bei hupanda. Njia ya pili, iliyo rahisi zaidi, ni kuifunga kwenye mfuko uliotolewa hewa kiwandani au buchani na kuiacha siku 14 hadi 21. Jokofu la nyumbani, linalofunguliwa kila mara na kukatikiwa umeme mara kwa mara, si mahali pa kuning'iniza nyama kwa wiki tatu. Siku mbili au tatu zinatosha humo. Hizo nyingine zilipiwe buchani.

Kabla ya moto pana suala la usalama. Nyama ya ng'ombe katika ukanda huu inaweza kuwa na mabuu ya tegu, na nyama isiyokaguliwa inaweza kubeba magonjwa mabaya zaidi, kimeta kikiwa mmojawapo. Steki yenye waridi ndani iliwe tu ikiwa imetoka kwenye machinjio yenye mkaguzi na ina muhuri wake. Kuigandisha siku kumi au zaidi kwenye baridi ya nyuzijoto 10 chini ya sifuri huua mabuu ya tegu. Bakteria kwa kawaida hukaa juu ya uso wa nyama nzima, na ganda la moto huwamaliza. Ndiyo sababu steki haitobolewi kwa uma wala kupondwa, kwani tundu huwapeleka ndani. Nyama ya kusaga ina hukumu tofauti na lazima iive kabisa. Idara ya Kilimo ya Marekani hupendekeza steki ifike nyuzijoto 63 na ipumzike dakika tatu. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wafuate kipimo hicho au zaidi, na wenyeji wasilete ubishi kuhusu ladha.

Maandalizi ya steki ni machache. Chumvi hupakwa pande zote, kiasi cha gramu 10 kwa kilo, ambacho ni karibu vijiko viwili vya chai visivyojaa. Mwanzo huvuta maji kutoka kwenye nyama, nayo huonekana kama jasho juu ya uso. Baada ya dakika arobaini hivi maji hayo yenye chumvi huanza kurudi ndani. Steki iliyotiwa chumvi na kuwekwa motoni katikati ya muda huo imelowa, na uso uliolowa hauwezi kupita nyuzijoto 100 mpaka maji yote yaishe. Ama itiwe chumvi dakika ileile ya kuichoma, ama mapema sana. Lililo bora ni kuitia usiku uliotangulia na kuilaza juu ya wavu ndani ya jokofu bila kufunikwa, mpaka uso ukauke kama karatasi. Papai bichi, linalosaidia sana kwenye mishikaki, huugeuza uso wa steki nene kuwa rojorojo bila kufika katikati. Kitunguu saumu na tangawizi huungua na kuacha uchungu. Pilipili manga iliyopondwa inatosha, na hata hiyo huweza kungoja mpaka mezani.

Moto mzuri ni wa makaa ya mti mgumu, yaliyowaka hadi kufunikwa na majivu meupe. Mafuta ya taa yasitumike kuwashia, maana harufu yake hubaki kwenye nyama. Mifuko ya plastiki ni mibaya zaidi, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Vifuu vya nazi na vijiti vikavu huwasha haraka na kwa usafi, na watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa hilo. Jiko la makaa halikai ndani ya chumba kilichofungwa hata kama mvua inanyesha, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua.

Kinachotakiwa ni moto wa aina mbili kwa wakati mmoja, mmoja mkali na mwingine wa upole. Kwenye jiko pana la kuchomea lenye kifuniko, makaa hukusanywa upande mmoja na upande wa pili huachwa mtupu. Nyumba isiyo na jiko kama hilo inaweza kutumia majiko mawili ya kawaida: la kwanza lijazwe makaa, la pili liwekewe machache, wavu uinuliwe juu yake kwa vipande vya matofali, na nyama ifunikwe kwa sufuria kubwa iliyopinduliwa. Kipimo cha mkono kinasaidia. Kiganja kikishikiliwa sentimita 10 juu ya wavu, kwenye moto mkali hakivumilii zaidi ya sekunde mbili au tatu; kwenye moto wa upole hukaa hadi sekunde nane au kumi.

Desturi ya zamani ilikuwa kuanza na moto mkali, kwa dai kwamba ganda huziba majimaji ndani. Dai hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na likarudiwa jikoni kwa zaidi ya miaka mia moja. Si kweli. Ganda halizibi kitu. Mlio unaosikika nyama ikiwa motoni ni sauti ya maji yanayoendelea kutoka. Ganda lina thamani kwa ladha yake, basi. Tena kwa steki nene, mpangilio wa kinyume ndio wenye matokeo mazuri zaidi. Nyama huanza kwenye moto wa upole, ikiwa imefunikwa, na kugeuzwa mara moja moja. Steki ya sentimita 4 huchukua nusu saa hivi, pengine zaidi kidogo, mpaka katikati yake ifike nyuzijoto 48 au 50. Wakati huo joto limeenea ndani taratibu, na uso umekauka kabisa. Ndipo huhamishiwa kwenye moto mkali, dakika moja au mbili kwa kila upande, ikigeuzwa kwa koleo kila baada ya nusu dakika. Kugeuza mara nyingi hakuiharibu nyama. Huifanya iive haraka na kwa usawa. Ukingo wa mafuta husimamishwa juu ya makaa mpaka uwe wa dhahabu. Mafuta yakidondoka na kuwasha ndimi za moto, steki isogezwe pembeni mpaka zitulie, kwa kuwa masizi yake ni machungu na hayana faida mwilini.

Kipimajoto chenye sindano ndicho chombo pekee kinachostahili kununuliwa kwa ajili ya kazi hii, na bei yake huweza kuwa ndogo kuliko steki moja iliyoharibika. Saa hudanganya, kwa kuwa moto wa leo si wa jana. Sindano huingizwa kwa ubavuni hadi katikati, mbali na mfupa. Kwenye nyuzijoto 50 hadi 52 ndani ni nyekundu na bado teketeke. Kuanzia 54 hadi 57 ni waridi, mafuta yameanza kuyeyuka, na hapo ndipo wapenzi wengi wa steki huitaka. Kutoka 60 kwenda juu kolajeni inayozunguka nyuzinyuzi hujikunja na kuyakamua maji. Kufika 70 rangi imekuwa ya kijivu na sehemu kubwa ya majimaji imekwisha kutoka. Anayetaka nyama iliyoiva kabisa ana haki yake, ila achague steki ya mbavu yenye mafuta, si fileti, kwani fileti kwenye joto hilo haibakiwi na kitu. Umajimaji mwekundu unaotoka si damu. Mnyama akichinjwa ipasavyo, damu inayobaki ndani ya misuli yake ni kidogo sana. Rangi hiyo ni ya mioglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli, iliyochanganyika na maji.

Ikitolewa motoni, steki hupanda nyuzijoto tatu hadi tano nyingine kwa joto lililo kwenye uso wake, hivyo huondolewa kabla ya kufika kipimo kinachotakiwa. Hupumzika juu ya wavu dakika tano hadi kumi. Kisha hukatwa kwa kisu kikali kwa kukingama nyuzinyuzi, vipande vya unene wa kidole kimoja, na kunyunyiziwa chumvi kidogo ya mawe. Kilo moja pamoja na mfupa hutosha watu watatu. Kachumbari yenye ndimu huenda nayo vizuri sana, kwa kuwa uchachu hukata mafuta; ugali moto au viazi vya kuchoma hukamilisha sahani. Mchuzi mzito juu yake ni kuificha nyama iliyogharimiwa kwa fedha na muda.

Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, na Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani hushauri isizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki. Steki ya sikukuu chache kwa mwaka haigombani na ushauri huo. Nyama ya kila jioni inagombana nao. Kinachobaki mezani kiwekwe kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita na kiliwe ndani ya siku tatu au nne, kikiwa baridi na kimekatwa vyembamba, kwa sababu kukipasha moto upya hukiivisha mara ya pili na kukikausha.